Mrejesho: puto la tumboni, nimeishia kwa lipi

Wakuu, niliwauliza kutoka hapa Ujiji: kwa kilo 138, nichukue puto lipi la kuwekwa tumboni ili nishibe haraka na kupungua uzito? Nimewekewa Orbera ya miezi 6, Dar. Allurion ilinivutia, unaimeza bila endoskopi (ule mrija wenye kamera unaopitishwa kooni) na hutoka yenyewe baada ya wiki 16 hivi. Spatz3 hukaa hadi mwaka na maji yake huongezwa au kupunguzwa. Pesa mfukoni ndiyo iliyoamua.

Siku tatu za kwanza nilitapika hata maji. Ndani ya puto wametia maji ya chumvi yenye rangi ya bluu, nikikojoa bluu nikimbie hospitali, maana limevuja. Kila asubuhi nachungulia! Jana mama kapika migebuka na ugali wa muhogo. Matonge manne, nikanawa. Kanuna mpaka leo, anadhani naringia chakula chake.