Tupeane uzoefu: "take" moja ya Kiingereza na vitenzi vyake vingi vya Kituruki

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wote wanaojifunza Kituruki wakipitia Kiingereza: wanafunzi walio kwenye mwaka wa lugha, wanaofuata mzigo wa nguo Laleli na Merter, mitaa ya maduka ya jumla Istanbul, na wanaofanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kituruki kwenye SGR ya Tanzania. Kamusi tulizonazo nyingi ni za Kiingereza na Kituruki. Ukitafuta "take", juu kabisa unapewa "almak", na wengi wanaishia hapo. Tatizo ni kwamba "almak" ni kuchukua, kupokea na kununua kwa pamoja. Ukisema "otobüs aldım" ukidhani umesema ulipanda basi, Mturuki ameelewa kwamba umenunua basi zima.

Njia inayofanya kazi ni kuiacha "take" na kurudi kwanza kwenye Kiswahili. Sisi hatuchukui basi, tunalipanda, picha tunaipiga, dawa tunainywa au tunaimeza. Kituruki nacho kinagawa hivyo hivyo: "otobüse binmek", "fotoğraf çekmek", "ilaç içmek". Mara nyingi Kiswahili kitakufikisha karibu kuliko Kiingereza. Si mara zote, na hizo pia tuziseme.

Ombi: kila mmoja alete eneo analolijua, aweke sentensi nzima na viambishi vyake. Kitenzi kitupu hakimsaidii mtu.

#2 – Usafiri

Kupanda ni "binmek", na chombo lazima kipate kiambishi cha -e au -a: otobüse, trene, taksiye, metroya, uçağa (k ya "uçak" inalainika kuwa ğ). Kushuka ni "inmek", na chombo kinapata -den, -dan, -ten au -tan: otobüsten, trenden, uçaktan. Kukodi teksi ni "taksi tutmak", yaani kuishika. "Taksi aldım" ni umenunua gari.

Kumpeleka mtu ni "götürmek", na hapa Mswahili anamshinda Mwingereza kwa sababu tayari tuna peleka na leta. Götürmek ni peleka, getirmek ni leta. Kufuatwa mahali ni "almak". Angalia viambishi:

"Beni havaalanından alır mısınız?" – Mtanifuata uwanja wa ndege?
"Beni havaalanına götürür müsünüz?" – Mtanipeleka uwanja wa ndege?

Ukikosea kiambishi na kitenzi kwa pamoja, dereva anakwenda upande usiokusudia.

Kwenye dolmuş, ndugu yake daladala na matatu, hakuna konda. Nauli inapita mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi kwa dereva, na anayeitoa anasema "Bir kişi alır mısınız?", kata ya mtu mmoja. Ukitoa noti kubwa, taja noti yenyewe kwa kiambishi cha kutoka: "Yüz liradan iki kişi", watu wawili kwenye lira mia. Usipoitaja, inafika mbele imechanganyika na za wengine na dereva hajui amrudishie nani chenji. Kushuka: "Müsait bir yerde inecek var", kuna anayeshuka panapofaa.

Ndege kuruka ni "kalkmak": "Uçak kaçta kalkıyor?" Muda wa safari ni "sürmek": "Yol altı saat sürüyor." Ukitaka kusema kazi imekula muda wako, hapo "almak" inarudi, lakini muda unakuwa wako kwa kiambishi: "Bu iş iki saatimi aldı", kazi hii imenila saa mbili.

#3 – Hospitali na duka la dawa

Hapa naomba tusome taratibu, maana kosa linaingia mwilini.

"İlaç almak" inaeleweka kama kutumia dawa, lakini pia ni kununua dawa. "İlacını aldın mı?" inaweza kuwa umenunua au umekunywa. Kwa usalama tumia "içmek", hata kwa vidonge: "İlacını içtin mi?" (ç ya "ilaç" inageuka c, sauti ya j yetu, inapopata kiambishi cha irabu). Dawa ya kupaka ni "sürmek", kitenzi kile kile cha muda. Ya matone ni "damlatmak". Kuchomwa sindano ni "iğne olmak".

Sasa maandishi. Kwetu bahasha ya dawa ikiandikwa 1 x 3, unasoma kidonge 1 mara 3 kwa siku. Uturuki mfamasia huandika kwa kalamu juu ya boksi lenyewe, na kwa kawaida namba ya kwanza ni idadi ya mara, ya pili ni idadi ya vidonge. Kwa hiyo "3x1" ni mara 3, kidonge kimoja kimoja. Ukiisoma kwa mazoea ya nyumbani, unameza vidonge 3 kwa mpigo. Jumla ya siku ni ile ile, ndiyo maana kosa halionekani ukihesabu vidonge vilivyobaki, lakini dozi ya siku nzima imeingia kwa mkupuo mmoja. Usikisie. Uliza maswali matatu kabla hujaondoka dirishani:

"Günde kaç kere, kaçar tane?" – Mara ngapi kwa siku, ngapi ngapi?
"Kaç saatte bir?" – Kila baada ya saa ngapi?
"Aç karnına mı, tok karnına mı?" – Tumbo tupu au nikishakula?

Jibu la mwisho huandikwa kwa mkato pembeni ya namba: "aç" au "tok".

Kwenye vipimo, kupima joto na presha ni "ölçmek". Kutoa damu maabara ni "kan vermek", upande wako unatoa. "Kan almak" ni kazi ya muuguzi. Kwenye eksirei utaambiwa "Derin nefes alın, nefesinizi tutun", kisha "nefes verin". Sisi tunasema kuvuta pumzi, kwa hiyo Mswahili huteleza na kusema "nefes çekmek". Hiyo ni kuvuta moshi wa sigara. Kwa daktari wa kifua maana hiyo ina uzito wake.

#4

Swali fupi: "duş almak" ni Kituruki sahihi au ni Kiingereza kilichovalishwa?

#5 – Jibu kwa #4

Inatumika sana, utaisikia kila nyumba. Wapo wanaoilaumu kuwa imeigwa kutoka lugha za Ulaya, na hao hupendelea "duş yapmak", "banyo yapmak" au "yıkanmak". Zote zinaeleweka. Kwenye mtihani wa kuandika mimi ningeweka "duş yapmak" na kuendelea.

#6 – Chuoni

Nianze na pale Kiswahili kinapotuponza. Tunasema kufanya mtihani, basi mtu anaandika "sınav yaptım". Kwa Mturuki huyo ni mwalimu aliyetoa mtihani. Mwanafunzi anasema "sınava girdim", niliingia kwenye mtihani, au "sınav oldum". Wazee watasema "imtihan" badala ya "sınav", na neno hilo unalijua tangu utotoni.

"Ders almak" ni sawa kwa kuchukua somo: "Bu dönem kaç ders alıyorsun?" Lakini kuweni macho na "vermek", kutoa:

"Ders verdim" – nilifundisha.
"Dersi verdim" – nimefaulu somo.

Tofauti ni herufi moja, ile -i ya mwisho inayoonyesha kwamba tunazungumzia somo fulani linalojulikana. Kufeli ni kubaki: "Dersten kaldım". Kubeba somo la mwaka wa nyuma huku ukiendelea na la mbele ni "dersi alttan almak", kulichukua kutoka chini. Bila neno "ders", hiyo hiyo "alttan almak" ni kujishusha kwenye ugomvi ili mambo yapoe.

"Not almak" ni kuandika notisi. Ila "not" ni maksi vilevile, kwa hiyo "Sınavdan kaç aldın?" ni umepata ngapi. "Kopya çekmek" ni kuibia mtihani. Usilitumie ukitaka kutoa kopi ya cheti. Hapo sema "fotokopi çektirmek".

#7 – Kuhusu "çekmek"

Kitenzi hiki kinastahili uzi wake. Maana ya msingi ni kuvuta. Kwenye milango ya maduka utasoma ÇEKİNİZ, vuta, na İTİNİZ, sukuma. Kutoka hapo: "para çekmek" kutoa pesa kwenye mashine, "film çekmek" kupiga filamu, "acı çekmek" kuteseka, "telefon çekmiyor" mtandao haushiki.

Kinachowachanganya wengi ni nani anafanya. "Diş çektim" ni sentensi ya daktari wa meno. Aliyeng'olewa anasema "diş çektirdim", kwa kuongeza -tir, maana yake nimefanya mtu mwingine aning'oe. Ndiyo hiyo hiyo kwenye studio unapotaka picha za kibali cha ukaazi: "Biyometrik fotoğraf çektirmek istiyorum." Ukisema "çekmek istiyorum" umeomba kamera uipige mwenyewe. Barabarani, ukimwomba mpita njia: "Fotoğrafımızı çeker misiniz?"

Na kuna hii nzuri: "Babasına çekmiş." Kiingereza kinasema "take after", sisi tunasema amechukua sura ya baba yake, Waturuki wanasema amevuta kuelekea kwa baba yake. Kiambishi ni -a cha kuelekea. Ile -miş mwishoni inaonyesha kwamba msemaji anahitimisha kwa anachokiona: ametazama mtoto, ametazama baba, ameona.

#8 – Dukani na mezani

Wafuata mzigo, "Bunu alıyorum" ni neno la biashara. Ukishalisema, muuzaji anaanza kufunga. Kama unataka kushika kitambaa tu, sema "Bakabilir miyim?", naweza kuangalia? "Alabilir miyim?" inasikika kama unaomba kupewa. Kwa jumla nguo huuzwa kwa "seri", fungu lenye saizi kamili, kwa hiyo swali "Kaç seri alıyorsunuz?" linahitaji idadi ya mafungu, si ya vipande. Uliza kwanza "Bir seride kaç tane var?"

Kiingereza chetu cha Nairobi na Kampala, kile cha "Will you take tea?", kinalingana na Kituruki vizuri kuliko cha London: "Çay alır mısınız?" Ukikubali: "Alayım, teşekkürler." Ukikataa: "Almayayım, teşekkürler", nisichukue, ahsante. Jifunzeni hilo la pili. "Hayır" peke yake mbele ya mwenyeji aliyebeba sinia ni kavu mno.

#9 – Kazini

Pale lugha zote tatu zinapokutana: "ölçü almak" kuchukua vipimo, "tedbir almak" kuchukua tahadhari, "izin almak" kuchukua ruhusa, "ciddiye almak" kuchukulia kwa uzito. Hizo tafsiri bila woga.

Pale Kituruki kinapogeuza na kutoa: kupumzika ni "mola vermek". Kiongozi akitangaza "on dakika mola", ni mapumziko ya dakika 10, hakuna aliyetaja Mwenyezi Mungu. "Karar vermek" ni mtu kuamua. "Karar almak" hutumika zaidi kwa kikao au bodi. "Söz vermek" ni kuahidi, "söz almak" ni kupewa nafasi ya kusema mkutanoni.

Pale kinaporusha: "adım atmak" ni kupiga hatua, na "göz atmak" ni kutupia jicho, neno kwa neno kama letu.

Mtego mkubwa wa wakalimani ni "yer almak". Kwa herufi ni "take place" kabisa, ila maana yake ni kuwemo: "Adınız listede yer alıyor", jina lako limo kwenye orodha. Mkutano kufanyika ni "yapılmak" au "gerçekleşmek".

#10 – Sarufi kidogo, kisha namna ya kuhifadhi

Vitenzi vya silabi moja kwa kawaida huchukua -er au -ar katika wakati wa mazoea: biner, çeker, sürer, girer, tutar. "Almak" ni alır, si "alar". Inaingia kwenye kundi la vitenzi 13 vinavyokwenda kinyume: al, bil, bul, dur, gel, gör, kal, ol, öl, san, var, ver, vur. Ni 13 tu, kariri.

"Ali'den aldım" ni nimepata kutoka kwa Ali. "Ali'ye aldım" ni nimemnunulia Ali. Kiswahili chetu cha "kwa" kinaficha tofauti hiyo, ndiyo maana inatuponyoka.

Kadi za kukariri zisiandikwe kitenzi peke yake. Upande mmoja Kiswahili, "kupanda basi". Upande wa pili nomino na kiambishi chake na kitenzi, "otobüs-e binmek". Kwenye kamusi ya mtandaoni ya Türk Dil Kurumu, taasisi ya lugha ya Kituruki, tafuta nomino kwanza, "sınav" au "nefes", usome vitenzi vinavyoambatana nayo. Ukianza na "almak" utashuka orodha ndefu na kutoka na maana ya kwanza tu.

#11

Nyongeza kwa #10: "alınmak". Kwa kitu ni kuchukuliwa au kununuliwa, "bilet alındı", tiketi imenunuliwa. Kwa mtu ni kukwazika. "Bana alındı" ni amekwazika nami, na "Üstüne alınma" ndiyo ile yetu ya "usijishtukie, sijakusema wewe".