Je, sataranji ni spoti au ni mchezo tu? Mpaka uko wapi?

Mlezi wa Klabu ameuliza:

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka minne nimekuwa mlezi wa klabu ya sataranji katika shule ninayofundisha. Wiki iliyopita kamati ya michezo ilikaa kugawa fedha za muhula, na ombi letu la kununua saa mbili za mashindano likakataliwa kwa sentensi moja tu: sataranji si spoti, kwa kuwa wachezaji wake hawatoki jasho. Niliumia, lakini nilipotulia niligundua kwamba hata mimi sikuwa na jibu la kuwapa.

Lugha yetu nayo hainisaidii sana. Tunasema mchezo wa mpira, mchezo wa karata na mchezo wa kuigiza, na mtoto anayefinyanga udongo tunasema anacheza. Hata hivyo, gazeti likiwa na ukurasa wa Michezo, hakuna anayetarajia kukuta humo matokeo ya karata. Ina maana tofauti tunaijua, ila hatujaieleza. Naomba mnisaidie: ni kitu gani hasa kinachoifanya shughuli iwe spoti? Ni jasho, mashindano, kanuni, au kutambuliwa na vyombo vikubwa?

Kipenga amejibu:

Mwalimu, pole kwa yaliyokukuta. Kamati yako imekosea. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, liliundwa Paris mwaka 1924, na mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi. Sataranji ilishindaniwa kwa medali katika Michezo ya Asia ya Doha mwaka 2006, na wachezaji wake hupimwa dawa zilizokatazwa kama wanariadha wengine. Kuhusu jasho, waulize wajumbe wa kamati mbona kulenga shabaha kulikuwamo katika Olimpiki tangu ile ya kwanza ya mwaka 1896, ilhali mlenga shabaha husimama palepale.

Mzee wa Shabaha amejibu:

Ndugu Kipenga, hoja yako inatueleza ni nani aliyeipokea sataranji, lakini haituelezi sataranji ni nini. Kuvuta kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920, kisha kukaondolewa. Je, wale waliovuta kamba mwaka 1921 walikuwa wakifanya kitu tofauti na waliovuta mwaka mmoja kabla? Kutambuliwa huja na huondoka, nasi tunatafuta kile kinachobaki ndani ya shughuli yenyewe.

Mimi nina swali ninalolitumia siku zote: mkono wa mtu mwingine ukitenda badala ya mkono wa mchezaji, je, matokeo yatabaki yaleyale? Mchukue mchezaji wa sataranji aliyevunjika mkono, anayemwambia mwenzake, "Sogeza farasi hadi pale." Mwenzake akimsogeza, hata akimweka upandeupande ndani ya mraba wake, hatua ile ni ya yule aliyeiwaza, kwa ukamilifu wake. Mwezi Septemba mwaka 1945 timu za Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilishindana kwa redio, wachezaji wa kila upande wakiwa nchini mwao, na Wasovyeti wakashinda kwa pointi 15.5 dhidi ya 4.5. Ushindi ule haukupungua thamani kwa sababu tu hakuna mchezaji aliyekaa uso kwa uso na mpinzani wake.

Sasa jaribu swali hilohilo kwa kurusha vishale. Mchezaji amesimama mita 2.37 kutoka ubaoni, na anajua kabisa ni wapi anapotaka kishale kichome. Kujua huko peke yake hakumpi hata pointi moja, kwa maana kazi yote imebaki mkononi mwake.

Nimelenga shabaha kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni nikae hapa kidogo. Mtazame mlengaji wa bunduki ya hewa katika umbali wa mita 10. Alama ya kumi iliyo katikati ya shabaha yake ina kipenyo cha nusu milimita. Amevaa koti gumu, kiwiko amekiegemeza kwenye nyonga, anavuta pumzi, anaitoa kidogo, kisha anaizuia huku kidole kikiwa kimegusa kifyatulio. Mara nyingine, akihisi mwili haujatulia, huishusha bunduki bila kufyatua na kuanza upya. Anayetazama kutoka mbali ataona mtu asiyefanya chochote, ilhali kila msuli wa mtu yule uko kazini ukiizuia bunduki isitikisike. Ndiyo maana nasema jasho si kipimo. Kipimo ni kama ustadi wa mwili ndio unaoamua nani ameshinda, na kwa kipimo hicho kulenga shabaha ni spoti, bali sataranji ni mchezo wa akili. Simaanishi kwamba iko chini. Ni jambo la aina nyingine.

Kipenga amejibu:

Mzee wangu, nimekusoma kwa makini, lakini usiusahau mwili wa mchezaji wa sataranji. Pambano la ubingwa wa dunia kati ya Karpov na Kasparov lilianza Septemba 1984 na kusimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48 bila mshindi kupatikana, huku sababu iliyotolewa ikiwa ni uchovu wa wachezaji, na Karpov akiwa amekonda kwa namna iliyoonekana wazi. Unawezaje kusema mwili haukuhusika?

Mzee wa Shabaha amejibu:

Ulihusika, ndugu yangu, lakini kwa kubeba mzigo. Mwanafunzi anayefanya mitihani kwa wiki mbili naye hukonda, wala hatusemi kwamba mtihani ni spoti. Kuchoka ni jambo moja, na ustadi wa mwili kuamua ushindi ni jambo jingine.

Binti wa Kibodi amejibu:

Shikamoo Mzee wa Shabaha. Kwa kipimo chako, michezo ya kompyuta ya mashindano inapita, kwa kuwa hakuna anayeweza kumkopesha mwenzake vidole vyake katikati ya pambano. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, ilitolewa hata medali. Mimi mwenyewe ni mchezaji na ninaipenda kwa dhati, lakini kuna jambo linaloninyima raha, nalo ni kwamba mchezo wangu una mwenyewe. Chama cha soka cha Uingereza kilipoandika sheria mwaka 1863, kiliandika sheria za mchezo ambao watu walikuwa wakiucheza tayari kwa namna nyingi, na hadi leo hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kuuzima mpira wa miguu duniani. Kampuni iliyotengeneza mchezo wangu inaweza kubadilisha nguvu za mhusika niliyemzoea kwa miaka mitatu, au kuzima seva zake kabisa, na ustadi wangu wote ukakosa pa kutumika. Kwangu mimi, spoti inahitaji pia kuwa mali ya wanaoicheza.

Karani wa Sheria amejibu:

Mwalimu, swali lako limewahi kufika mahakamani, na majibu yalitofautiana kulingana na kilichokuwa kikiombwa. Chama cha Uingereza cha briji, ambayo ni mchezo wa karata, kilitaka ada za mashindano yake zisamehewe kodi ya ongezeko la thamani kama ada za spoti. Oktoba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa, ikisema kwamba shughuli ambayo nguvu za mwili ndani yake ni kidogo mno haiingii katika maana ya spoti kwa sheria ile. Wakati huohuo, sheria ya taasisi za hisani ya Uingereza na Wales inakubali, chini ya kifungu cha spoti, michezo inayokuza afya kwa ustadi au juhudi za mwili au za akili. Ni mchezo uleule wa karata, ila milango ni miwili. Kabla ya kubishana na kamati yako, tafuta kwanza mfuko ule uliandikwa kwa madhumuni gani.

Mlezi wa Klabu amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeufuata ushauri wa Karani na kuisoma kanuni ya mfuko wetu, nami nimekuta inataja "michezo ya wanafunzi nje ya darasa" bila neno spoti mahali popote. Nitaandika ombi upya kwa msingi huo.

Mzee wangu, kipimo chako nimekikubali, isipokuwa katika jambo moja linalohusu zile saa nilizoziomba. Katika sataranji ya haraka, ambapo kila mchezaji hupewa dakika tatu, kanuni inamtaka aibonyeze saa kwa mkono uleule aliosogezea kete. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu, na sekunde nane zimebaki. Alijua hatua zote hadi mwisho. Vidole vyake vilitetemeka, malkia akaanguka, akainama kumsimamisha, na muda ukamwishia.

Mzee wa Shabaha amejibu:

Hapo umenikamata, Mwalimu. Katika zile sekunde nane, mkono wa mtu mwingine ungebadilisha matokeo. Nakubali kwamba ubao mmoja unaweza kuwa mchezo wa akili mtu akipewa saa mbili, na ukaanza kuwa spoti akipewa dakika tatu. Mfundishe kijana aizuie pumzi kidogo kabla ya kugusa kete. Kwetu huanza hivyo.