Jason ni wa ziwani: nani aliyemtuma anga za juu?

Ndugu zangu wapenzi wa filamu za kutisha, nina hasira na sitaificha. Nimeitazama tena Jason X, filamu ya kumi katika mfululizo wa Friday the 13th, nikidhani kwamba pengine mara ya kwanza niliihukumu kwa pupa, na nimeimaliza nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoanza. Ambaye hajaiona na ajihadhari, kwa kuwa nitaeleza hadi mwisho wake.

Hebu tukumbushane Jason Voorhees ni nani. Ni mtoto aliyezama katika ziwa la Crystal Lake mwaka 1957, wakati waangalizi wa kambi waliopaswa kumchunga walikuwa wameshughulika na mapenzi yao. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1980, muuaji hakuwa yeye bali mama yake aliyekuwa akilipiza kisasi, na hata kile kinyago cha hoki ambacho ulimwengu mzima unamjua nacho hakukivaa hadi filamu ya tatu, mwaka 1982. Maana yake ni kwamba mfululizo huu ulisimama na kutisha kabla ya kinyago, na hata kabla ya Jason mwenyewe kushika panga. Kilichoubeba ni mahali: ziwa, msitu, giza, na vijana walioonywa wasiende wakaenda. Jason ni zimwi, na zimwi lina pori lake. Anayeliwa ni yule aliyevuka mpaka.

Sasa tazameni walichokifanya. Mwaka 2010 Jason anagandishwa katika kituo cha utafiti pamoja na mtafiti aitwaye Rowan, kisha mwaka 2455, Dunia ikiwa imekwisha kuwa jangwa lisilokalika, wanafunzi waliokuja ziara ya masomo wanawaokota wote wawili na kuwapakia katika chombo chao cha anga za juu, Grendel. Hakuna aliyevuka mpaka wa Jason. Yeye ndiye aliyebebwa kama shehena hadi kwa watu wasiojua ziwa lake wala mama yake, akaamka, akaanza kuwaua kwa sababu tu mwandishi alihitaji waliokufa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halimjui mtu yeyote mle ndani, nasi pia hatupewi nafasi ya kuwajua, kwani wengi wao wanakufa kabla hatujashika majina yao.

Nakiri kwamba kifo cha kwanza chomboni, pale Jason anapoutumbukiza uso wa mwanamke mmoja wa chomboni katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya kugandisha na kuupasua juu ya meza kama kigae, ni kazi ya watu wenye ubunifu. Nilikaa sawa kitini, nikasema labda nilikosea. Baada ya hapo wanaingizwa wanajeshi wenye bunduki kubwa, na hofu inageuka kuwa mapambano ya risasi.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba anga za juu zingeweza kufaa. Chombo hakina mlango wa kutokea, nje hakuna hewa, na msaada uko mbali. Ni mahali pabaya mno pa kufungiwa na muuaji asiyezungumza. Lakini njia za Grendel zimejaa taa, na kila anayekaribia kufa ana mzaha wa kutoa. Hata rubani anapouawa na chombo kukibomoa kituo kizima cha angani cha Solaris walichokitegemea kwa uokoaji, watu wote waliokuwemo wanateketea kwa sekunde chache na hakuna anayewalilia. Filamu iliyotutaka tuogope kifo cha kijana mmoja kichakani sasa inaua kituo kizima na kuendelea na safari.

Halafu wakamwongezea chuma! Roboti mwenye umbo la mwanamke anamvunjavunja Jason kwa risasi, mwili wake unaangukia meza ya matibabu, na vijiroboti vya kuponya majeruhi vinamjenga upya kwa chuma kinachong'aa. Nauliza kwa dhati: aliyekuwa tayari hafi, chuma kinamwongezea nini? Kilichotutia hofu ni lile jitu lililooza, lililotoka majini likiwa limejaa tope. Namsikitikia Kane Hodder, aliyemwigiza Jason hapa kwa mara ya nne na ya mwisho, mtu ambaye aliweza kukutisha kwa namna ya kupumua tu, kwa kuzikwa ndani ya vazi linalofanana na mwanasesere wa dukani.

Na mnajua ni sehemu gani iliyo nzuri kuliko zote? Ni pale wanapomhadaa Jason kwa hologramu, yaani picha ya mwanga inayoonekana kama kitu halisi, ya Crystal Lake, penye miti, mahema na wasichana wawili ndani ya mifuko ya kulalia. Anamkamata mmoja pamoja na mfuko wake na kumtumia kumpigia mwenzake. Kwa dakika chache kila kitu kiko mahali pake, na waliotengeneza filamu hii walikuwepo wakiona kwamba kinafanya kazi. Walijua.

Mwishoni Jason anaporomoka akiwaka moto katika anga la Dunia ya Pili, sayari ambayo wanadamu wamehamia, vijana wawili wanadhani wameona kimondo, na kinyago chake kinazama taratibu hadi chini ya maji. Chini ya maji ya ziwa, ndugu zangu! Wametuzungusha mbingu nzima kwa saa moja na nusu ili wamrudishe pale pale walipomtoa.