Tupeane uzoefu: Janga la asili lilipokukuta, ulimwambia nini Mungu?

Mleta mada
Wakuu salaam. Ubishi wa Mungu yupo au hayupo tumeshaufanya hadi basi, na kila mara unaishia kurushiana aya. Leo nawataka waliokutwa na jambo lenyewe: tetemeko, mafuriko, volkano.

Naanza mimi, kwetu Hanang. Jumapili alfajiri, Desemba 3, 2023, tope lilishuka mlimani na mawe na magogo mpaka Katesh mjini. Waliokufa walizidi 80. Watu walidhani mlima umelipuka. Wataalamu wakasema si volkano, ni miamba dhaifu iliyokunywa maji ya mvua ikameguka. Nilipofika, katikati ya barabara niliona friji imesimama wima, mlango wazi, tope limejaa hadi juu, na humo ndani sufuria ya maharage na mfuniko wake. Mwenye friji hatukumpata siku ile.

Msibani akaja mhubiri, akasema Mungu kachoshwa na ulevi wa mji. Shangazi yangu, mlokole tangu usichana wake, akamuuliza: "Baba mchungaji, mbona baa imebaki?" Hakujibiwa.

Hoja ya hiari, kwamba maovu yapo kwa kuwa Mungu kampa mtu uhuru wa kuchagua, naielewa kwa jambazi. Kapewa uhuru, kachagua panga. Tope lilichagua nini?

Mhaya wa Kashai
Mkuu pole sana. Sisi Bukoba ni Septemba 10, 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la 5.9. Nyumba ya babu ya matofali ya udongo ilikaa chini yote. Ya jirani yenye mkanda wa zege ilipata nyufa tu, na huyo jirani hajui hata mlango wa kanisa ulipo. Hapo ndipo nilipoachana na habari za adhabu.

Padri aliyezika hakutafuta sababu. Alisoma Luka 13, mnara wa Siloamu ulioua watu 18: je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Yesu anajibu siyo. Padri akafunga kitabu. Mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia, na ndiyo pekee niliyoyashika.

Mwana Goma
Jambo wote. Miye ni wa Goma, Congo, chini ya volkano ya Nyiragongo. 2002 lava ilipita katikati ya mji. 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, usiku mbingu ikakuwa nyekundu, lava ikashuka mpaka Buhene, pembeni ya mji. Kisha siku kidogo wakatuambia tutoke, ardhi ilikuwa inatetemeka kila saa. Tukaenda Sake na miguu, mama na godoro ku kichwa.

Lakini ile mawe ya lava njo tunajengea nyumba. Ile udongo njo inazaa maharagi na viazi. Miye simulaumu Mungu juu ya mulima. Tumekimbia mulima, tumekimbia na vita, na haviko sawa. Mulima haina chuki na mutu. Wenye bunduki, kila asubuhi wanaamuka na kuchagua. Kwa ile ya bunduki njo naliaka mbele ya Mungu.

Msema Kweli
Ndugu wa Goma, umeandika vizuri ila hoja haijasimama. Muweza wa yote alishindwa kuweka rutuba bila lava? Desemba 26, 2004 bahari ilitikisika huko Sumatra, mawimbi yakavuka bahari nzima ya Hindi mpaka Dar na kuua watu waliokuwa wanaogelea. Nani alinufaika na hilo? Mimi niliacha kusali mwaka ule, na sikuacha kwa hasira. Nilikosa tu cha kusema.

Bint Rufiji
Mafuriko ya 2024 yalimchukua mtoto wa dada yangu. Sheikh alitukumbusha kuwa aliyekufa maji ana daraja la shahidi. Msema Kweli, unaweza kusema hayo ni maneno ya kufariji tu. Haya, tulifarijika. Dada alikula siku ile.

Mama wa Bondeni
Mimi ni wa Jangwani, Dar. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tulipewa viwanja Mabwepande. Tulikwenda, tukakaa kwenye turubai, kisha tukarudi bondeni.

Msema Kweli
Sasa dada, hapo si ndiyo hiari yenyewe? Mlionywa, mkarudi. Mungu anahusikaje?

Mama wa Bondeni
Hiari ya nauli, kaka? Mume wangu anabeba mizigo Kariakoo, alfajiri awe ameshafika. Toka Mabwepande usiku wa manane gari utalipata wapi, na jioni ukirudi umebakiwa na nini mfukoni? Nilihesabu hela, sikuhesabu dhambi. Mchungaji wangu anasema mafuriko ni mapenzi ya Mungu, wewe unasema ni mapenzi yangu. Mvua sawa, nampa Mungu. Ila mtaro wetu umeziba kwa makopo na pampasi za mitaa ya juu huko, wanakosubiri mvua inyeshe ndiyo wamwage taka. Hao nao niwaweke upande gani?

Mleta mada
Dada, hao waandikie uzi wao kabisa. Wa Kyela na Mai Mahiu ya Kenya, nanyi mafuriko yaliwakuta, mbona mko kimya?