Winza au Sekenke: wapi pa kuona machimbo na kupanda mlima?

Mkazi wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nina mapumziko, nataka kutoka hapa Dodoma nikaone machimbo na nipate mlima wa kupanda. Nimebaki na mawili: Winza ya Mpwapwa kwenye rubi, au Sekenke ya Iramba kwenye dhahabu. Natakiwa kuamua wiki hii.

Binti Kibakwe
Mwezi gani? Gari gani? Peke yako au na watoto? Bila hayo tutakushauri nini?

Mchekecha Mawe
Winza, usiulize mara mbili. 2008 palifurika watu kutoka kila kona. Ila usinunue jiwe shimoni, hata ukioneshwa rubi ya kukutoa udenda. Ukikamatwa nalo huna leseni wala karatasi, umeisha.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu, nenda Sekenke. Mjerumani alianza kuchimba dhahabu pale 1909. Vita vilipomfunga njia, dhahabu hiyo ikapelekwa Tabora, ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, 1916. Halafu lami ya Singida kwenda Nzega inateremka mlima wenyewe, hulali njiani.

Binti Kibakwe
Shikamoo Mwalimu. Historia hatubishi, lakini kaomba mlima. Ukishuka Sekenke ni mbuga ya Wembere, joto tupu. Huku kwetu Mpwapwa kuna milima ya Rubeho, Mang'alisa inapita mita 2,000, na kuna kwale wa Rubeho asiyepatikana kokote duniani ila milima hiyo. Msituni usiingie bila kibali cha TFS, wakala wa misitu.

Dereva wa Bahi
Mwezi ni muhimu jamani. Mimi nilikwenda upande wa Kibakwe, huko huko Mpwapwa, Januari na gari la kukodi. Mwenye gari aliapa kwamba ni zima, kumbe fowili, ile ya magurudumu yote manne kuvuta, haishiki. Tukafika kwenye korongo, mchanga mkavu kabisa, gari likazama hadi ekseli. Tunachimba kwa sahani za chakula, anga juu yetu jeupe, mara tukasikia ngurumo upande wa milimani. Wenyeji wakapiga kelele: tokeni, maji yanakuja! Yalikuja mekundu, na magogo ndani yake. Vijana walikuwa wameshafunga kamba, wakalivuta gari likatoka. Tukalala ng'ambo hadi asubuhi, huku pikipiki zikivushwa mabegani kwa miti miwili. Mwenye gari hadi leo hapokei simu yangu.

Mkazi wa Nkuhungu
Pole sana mkuu. Tuko wanne, gari ni ndogo, la chini.

Binti Kibakwe
La chini liache Mpwapwa mjini, mbele kodi lenye fowili. Na mwezi hujasema!

Mchekecha Mawe
Au panda SGR, treni ya umeme, ushuke Gulwe, Mpwapwa si mbali. Hakikisha treni yako inasimama pale, ya haraka inapitiliza.

Mwalimu Mstaafu
Akipanda treni ataikosa Kongwa! Mwingereza alileta matrekta pale 1947 kulima karanga, ukame ukamshinda. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia wakapiga kambi hapo hapo.

Dereva wa Bahi
Mwalimu, ukame peke yake? Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu, karanga hazing'oki. Marehemu babu alifanya kibarua kwenye mashamba hayo.

Mwalimu Mstaafu
Hilo nalo ni kweli. Babu alikuwa upande gani, Kongwa yenyewe au Mpwapwa?