Ushauri: mashindano ya kuogelea Lindi na mvua bado inanyesha, niahirishe?

Kocha_wa_Ghuba:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana 14 kuogelea baharini hapa Lindi mjini. Jumamosi ya wiki ijayo tuna mashindano ya kilomita moja, wageni wanatoka Mtwara na Kilwa, na mfadhili ameshanunua jezi na vikombe. Tatizo ni maji. Mvua inanyesha tangu Jumapili, na karibu na tunapoanzia kuna mfereji unaomwaga baharini. Juzi asubuhi nilisimama pale: maji rangi ya chai ya maziwa, povu limeganda mchangani, nepi mbili za mtoto zinaelea. Huko juu wapo wanaotapisha vyoo mvua ikikolea.

Mwezi uliopita tuliogelea kesho yake baada ya mvua. Watoto watatu waliharisha, na binti mmoja alitoka usaha sikioni mpaka foronya ikalowa. Mama yake hajanilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaniuma. Naomba ushauri.

Mzawa_Lindi:
Kaka, sisi tumekulia kwenye maji hayohayo na tupo. Ukiahirisha, mfadhili harudi. Usiwavunje vijana moyo.

DadaNesi:
Ndugu yangu Mzawa, anayechezea ufukweni si sawa na anayeshindana. Huyu anazamisha uso nusu saa nzima, anahema kwa nguvu, na kila akivuta pumzi anameza kidogo. Kuhara, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, vyote hupitia mdomoni. Akiwa na mchubuko wa mwamba mguuni, huo nao ni mlango. Kocha, binti huyo asirudi majini mpaka sikio likauke na daktari aangalie kiwambo chake.

Mpenda_Triathlon:
Mkuu, hata Paris waliahirisha. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2024 Ufaransa ilitumia takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha mto Seine, mto ambao kuogelea kulipigwa marufuku tangu 1923. Walichimba hadi tangi la chini ya ardhi la meta za ujazo 50,000, mvua ikizidi maji machafu yasimwagike mtoni. Bado mvua ya siku ya ufunguzi ikavuruga: mazoezi ya majini ya tarehe 28 na 29 Julai yakafutwa, na triathlon ya wanaume (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ikasogezwa kutoka tarehe 30 hadi 31. Kikomo chao ni bakteria wa kinyesi, E. koli, 1,000 kwa mililita 100. Wenzetu walikuwa wanapima kila siku. Wewe hujapima, na dalili umeziona kwa macho.

Na si kuhara peke yake. Mwaka 2000, kwenye mbio za Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, wanamichezo wengi walipata leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya. Walikuwa wameogelea Mto Segama.

Kocha_wa_Ghuba:
Asanteni sana. Je, nikiwahamishia Mto Lukuledi, kule juu yalikotulia?

DadaNesi:
Hapana kaka, tafadhali! Kichocho. Konokono wake wanaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, baharini hawapo. Utawatoa kwenye kuhara uwatie kwenye kukojoa damu.

Mvuvi_Kitunda:
Kocha, mimi nipo Kitunda, ng'ambo ya ghuba, maji haya nayaona kila siku. Yakipwa, uchafu wa mfereji na tope la Lukuledi vyote vinapita mbele yenu. Yakijaa, maji ya bahari kuu ndiyo yanaingia. Chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kama saa kumi jioni; anzeni kabla hayajajaa kabisa, na mstari wa kuanzia uhamisheni mbali na mfereji. Ila mvua ikate kwanza. Mimi mwenyewe nasubiri siku tatu za jua ndipo niwaruhusu wanangu.

Mpenda_Triathlon:
Ongeza na kipimo. Ulizia maabara ya ubora wa maji ya serikali. Chupa wakupe wao, iwekwe kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo. Majibu huchukua kama siku moja, kwa hiyo mvua ikinyesha baada ya kuchota, kipimo hicho hakina kazi tena.

Kocha_wa_Ghuba:
Nimempigia mfadhili. Alinyamaza, kisha akauliza watoto wangapi waliumwa. Nikamwambia wanne. Akasema, "Jezi haziozi, tafuta tarehe nyingine." Kesho naenda kwa mama wa yule binti, nimpeleke mtoto hospitali kwa gharama yangu. Mvuvi_Kitunda, bamvua linalofuata linaangukia lini?