Gobo ya kukaanga kwa chakula cha jioni

Zuhura (Yokohama): Shikamoo Shangazi. Leo nimenunua mzizi wa gobo, ile mboga ya Kijapani ya mzizi mrefu na mwembamba, ambao bado una udongo, mrefu hata umetokeza nje ya mfuko, na ninakusudia kupika kinpira, yaani mzizi uliokatwa vyembamba na kukaangwa kwa soya na sukari, jioni hii. Naomba unielekeze kabla sijaumenya.

Shangazi Mwanakombo (Nagoya): Marahaba, mwanangu. Usiumenye hata kidogo. Harufu ya gobo imo kwenye ganda na sehemu iliyo chini yake tu, kwa hiyo anayemenya hubakiwa na nyuzinyuzi zisizo na ladha. Uoshe kwa brashi chini ya bomba, kisha uukwangue kidogo kwa mgongo wa kisu, wala usijali madoa ya kahawia yatakayobaki. Umefanya vyema kuchagua wenye udongo, kwa sababu iliyokwisha kuoshwa hukauka mapema.

Zuhura: Jirani yangu ameniambia niiloweke kwa muda mrefu katika maji yenye siki ili isigeuke nyeusi.

Shangazi Mwanakombo: Siki huhitajika pale mtu anapotaka gobo nyeupe, lakini kinpira hupakwa rangi na sosi ya soya, kwa hiyo weupe huo hautaonekana na mtu yeyote. Loweka katika maji matupu kwa dakika 5, kisha chuja na ukaushe vizuri kwa kitambaa. Maji yatakuwa ya kahawia, na wengi hudhani kuwa ni uchafu, ilhali ni ladha inayotoka. Kadiri unavyochelewa ndivyo unavyoimwaga.

Baba Mkubwa Hamisi (Tanga): Nimesoma kwamba Wajapani hutia sake, yaani pombe ya mchele, na mirin, kileo kitamu cha mchele cha kupikia, katika chakula hiki. Je, wewe hufanyaje?

Shangazi Mwanakombo: Ni kweli, Kaka. Mirin halisi ina kileo cha takriban asilimia 14, nami siitumii. Badala yake hutia kijiko kikubwa 1 cha sukari na vijiko 2 vya maji, na utamu unatosha, ingawa mng'ao hupungua kidogo. Zuhura naye asome pia maandishi ya chupa ya soya, kwa kuwa nyingi za hapa Japani huongezwa kileo ili zisiharibike. Zipo zenye alama ya halali.

Zuhura: Nimeelewa. Vipi kuhusu kukata na kukaanga?

Shangazi Mwanakombo: Zipo njia mbili. Unaweza kukata vipande vyembamba vya urefu wa sentimita 5, navyo hubaki vikilia chini ya meno. Au unaweza kuuchonga mzizi kama penseli huku ukiuzungusha, upate vipande vilaini vinavyonyonya sosi haraka. Mimi hupendelea vya kwanza, maana gobo isiyotafunika hainipi raha. Kwa mzizi 1 tumia nusu ya karoti. Pasha kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya ufuta pamoja na pilipili kavu 1 iliyotolewa mbegu, kisha tia gobo peke yake na uigeuzegeuze kwa dakika 2 au 3, kwa kuwa ni ngumu kuliko karoti. Ndipo utie karoti, sukari, maji na kijiko 1 na nusu cha soya, uongeze moto na usiache kugeuza mpaka mchuzi ukauke kabisa karaini. Hapo ndipo wengi huharakisha: wakiona vipande vimeshika rangi huzima moto, na sahani hujaa maji yenye chumvi. Malizia kwa ufuta uliokaangwa.

Baba Mkubwa Hamisi: Pilipili moja kwa nyumba nzima! Basi sisi tutatia zetu.

Salma (Tanga): Shangazi, huku kwetu gobo haipatikani. Je, karoti peke yake itafaa?

Shangazi Mwanakombo: Itafaa, na hata hapa hupikwa hivyo, kama vile inavyopikwa kwa viazi mviringo au kwa mzizi wa yungiyungi. Punguza sukari, kwa kuwa karoti ina utamu wake, na usitie maji.

Zuhura: Nikipika nyingi, itafaa kwa bento, kile chakula cha kubeba kisandukuni, ya mtoto kesho?

Shangazi Mwanakombo: Inafaa sana, na katika jokofu hukaa siku 3 au 4. Iache ipoe kabla ya kuifunika, la sivyo mvuke utairudishia maji uliyokwisha kuyakausha.